Mtoto wa Dada

Katika nchi ya Wazigua, kuanzia bonde la mto Pangani hadi Handeni, na katika vijiji vya Wadigo kaskazini ya mji wa Tanga, mtoto alihesabiwa kwa upande wa mama. Baba alimlisha na kumpenda, ila neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Dada akiachika, mjomba ndiye aliyempokea pamoja na watoto. Mpwa akitozwa faini, mjomba ndiye aliyelipa, na mali yake ilikuja kurithiwa na mpwa huyohuyo. Mtoto aliyefiwa na baba alikuwa na mlango wa kubisha.

Lakini mkono uliompokea ndio uliokuwa na uwezo wa kumtoa. Njaa ikiingia, au ukoo ukidaiwa, mjomba aliweza kumweka mpwa rehani kwa mtu mwenye nafaka. Mtoto alihamia huko, akala, akafanya kazi, akisubiri jamaa walipe. Ukoo wenye nguvu ulimkomboa. Ukoo dhaifu uliacha miaka ipite, na mtoto akageuka mtumwa bila kuwapo siku hata moja ambayo mtu angeweza kusema aliuzwa. Mwanahistoria James Giblin, aliyetafiti maisha ya Handeni, ameeleza kwa nini wenye mali waliwataka hasa wasichana wa rehani: mwanamke aliyetengwa na ukoo wake hakuwa na kaka wa kuja kudai watoto, hivyo watoto walibaki kwa baba. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Usalama wa mtoto ulitegemea kama kuna mjomba aliye tayari kumfuata.

Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830, wajomba wenyewe hawakuwa na kitu. Wazigua wengi walishuka pwani kutafuta chakula, wakaishia utumwani, baadhi yao Unguja na wengine mbali hadi pwani ya Somalia. Waliotoroka huko walijenga vijiji vyao kando ya mto Juba na kuitunza lugha yao. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi ya wazao wao walikimbilia Tanzania, na hatimaye wakapewa makazi Chogo, Handeni, katika nchi ya mababu.

Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru; Waingereza wakapiga marufuku utumwa wenyewe mwaka 1922. Rehani ikakosa msingi wa sheria. Wakati huohuo Uislamu ulikuwa umeenea kwa Wadigo, na mbele ya maliwali wana wa marehemu walisimama kudai urithi ambao wapwa waliuhesabu kuwa wao. Taratibu baba akasogea mbele.

Baada ya uhuru, serikali iliandika sheria za mila katika tangazo la mwaka 1963, lakini zilikuwa mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mila ya mjomba haikuingia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikaweka ustawi wa mtoto mbele ya madai ya wazazi wote wawili, na kudhania kwamba aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezikabidhi halmashauri jukumu la kulinda watoto katika maeneo yao, na kumtaka mwanajamii anayejua mtoto anateswa au kutelekezwa atoe taarifa. Ofisa ustawi wa jamii ndiye anayefuatilia. Ndugu anayemlea mtoto naye anaruhusiwa kuomba mahakamani apewe malezi yake, kwa hiyo mjomba wa Kizigua bado anaweza kumsimamia mpwa. Tofauti ni kwamba sasa lazima aonyeshe kuwa mtoto atanufaika, jambo ambalo babu yake hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, na mimi naona ni haki aulizwe.