Krimu ya Makunyanzi na Ngozi za Wafungwa

Hebu soma nyuma ya chupa ya krimu inayoahidi kurudisha ujana wa uso wako. Mara nyingi utakuta neno retinoli. Hiyo ni vitamini A. Ina ndugu yake mwenye nguvu zaidi, tretinoini, dawa ya kuandikiwa na daktari. Kati ya mengi yanayouzwa kwa jina la kupunguza makunyanzi, tretinoini ni miongoni mwa machache yenye ushahidi wa maana. Sasa swali: safari ya ushahidi huo ilipitia kwenye ngozi ya nani?

Turudi Philadelphia, Marekani, mwaka 1951. Gereza la Holmesburg lilisumbuliwa na fangasi wa miguuni, likamwita daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Albert Kligman. Alikwenda kwa ajili ya miguu, lakini akaona jambo jingine: mamia ya wanaume waliofungiwa mahali pamoja, wasioweza kukosa miadi. Yaani maabara iliyo tayari. Majaribio yakaendelea hadi 1974: vipodozi, dawa, hata dioksini, ambayo ni sumu, kwa malipo ya kampuni ya Dow Chemical. Asidi ya vitamini A, yaani tretinoini yenyewe, nayo ilipakwa humo.

Wengi wa waliojaribiwa walikuwa Weusi, na wengi hawakuwa hata wamehukumiwa. Walikuwa mahabusu waliokosa pesa za dhamana. Walilipwa dola kidogo, wakasaini karatasi. Utasema, si walikubali wenyewe? Lakini mtu anayetafuta dhamana ukimwekea pesa mezani, tena bila kumweleza vizuri unampaka nini, hiyo ridhaa ni ya jina tu.

Mwaka 1969 Kligman na wenzake walichapisha matokeo ya asidi hiyo dhidi ya chunusi, na 1971 ikaidhinishwa Marekani. Baadaye wagonjwa wenye umri mkubwa wakaanza kusema kwamba ngozi yao imelainika. Mwaka 1986 Kligman akachapisha kuhusu ngozi iliyozeeshwa na jua. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakatoa jaribio la wiki 16 lililokamilishwa na watu 30, wakilinganisha tretinoini na krimu tupu. Tretinoini ikashinda.

Inafanyaje kazi? Miale ya jua huchochea vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, nyuzi zinazoishika ngozi isilegee. Tretinoini huingia ndani ya seli hadi kwenye kiini, ikabadilisha jeni zipi ziwashwe. Vimeng'enya hivyo hupungua, kolajeni mpya huongezeka. Retinoli hufika hapohapo kwa kuzunguka, kwa sababu ngozi lazima iigeuze kwanza, ndiyo maana ni dhaifu zaidi. Kama ngozi yako ni nyeusi, anza polepole: ikiwashwa sana inaweza kuacha madoa. Jikinge na jua. Na ukiwa mjamzito, usiitumie.

Na wale wa Holmesburg? Mwaka 2000 karibu wafungwa 300 wa zamani walifungua kesi. Ikatupwa, kwa kuwa muda wa kudai ulikuwa umeshapita. Kligman alifariki 2010. Shule ya udaktari ya chuo chake iliomba radhi 2021, na jiji la Philadelphia 2022, wakati wengi wa waliopakwa wameshazikwa.

Siandiki haya ili uitupe krimu yako; kuitupa hakumrudishii mtu yeyote kitu. Ila sisi wanafunzi wa shahada za juu tunapenda kulalamika kwamba kamati ya maadili imetukwamisha, mara fomu ya ridhaa irekebishwe, mara malipo ya washiriki yaelezwe. Siku nyingine ukirudishiwa fomu na swali la kiasi gani utamlipa mshiriki na kwa nini, ujue swali hilo lilikuwepo Holmesburg pia. Hakukuwa na wa kuliuliza.