Shamba la Nabothi na Soko la Seattle



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili, akina mama kadhaa wanaouza mboga na matunda walitusubiri mlangoni mwa sakristia. Walikuwa na swali moja tu: je, mkulima akiambiwa aondoe meza yake ahamie mahali panaposemwa kuwa pazuri zaidi, naye akakataa, anatenda dhambi ya ukaidi? Tuliwaahidi kwamba tutalitafakari, na tumeona vema kulijibu kwa njia ya historia, maana swali lao limekwisha kuulizwa mara nyingi, tena katika miji iliyo mbali sana na yetu.

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, tunasoma habari za Nabothi, mtu wa Yezreeli, aliyekuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mara nyingi tunaikumbuka habari hii kwa sababu ya mwisho wake: mashahidi wa uongo, mawe, na damu ya mtu asiye na hatia. Tunasahau kwamba Ahabu hakuanza kwa ukatili, bali kwa maneno ya adabu: alimwahidi Nabothi shamba lingine lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Kwa hesabu ya karatasi, ilikuwa haki kabisa. Nabothi alikataa kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme aliona kipande cha ardhi kinachofaa kwa bustani ya mboga. Nabothi aliona mlolongo wa watu, waliokufa na watakaozaliwa. Biblia haimhesabii Nabothi ukataaji huo kuwa kosa.

Tukiwa na picha hiyo, twende Seattle, mji wa bandari ulioko kaskazini-magharibi mwa Marekani, katika jimbo la Washington. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa mabonde yanayouzunguka mji huo hawakuuza mazao yao wenyewe. Waliyakabidhi kwa madalali wenye maghala karibu na bandari, nao madalali ndio waliopanga bei pande zote mbili. Mkulima aliweza kupeleka mzigo na kurudi na senti chache, au bila kitu, akiambiwa kwamba mali imeoza. Wakati huohuo mama wa nyumbani mjini alilia bei. Kati ya mwaka 1906 na 1907 bei ya vitunguu ilipanda mara kumi, kutoka senti 10 hadi dola moja kwa ratili.

Diwani mmoja, Thomas Revelle, alipendekeza jambo rahisi: mkulima aruhusiwe kuleta mkokoteni wake katika barabara mpya iliyoitwa Pike Place, auze mwenyewe. Soko lilifunguliwa Jumamosi tarehe 17 Agosti 1907. Ilifika mikokoteni michache, kama kumi hivi, lakini wanunuzi walikuja kwa maelfu. Kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa kimekwisha, na wengi walirudi nyumbani na vikapu vitupu. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limejengwa jengo la kwanza lenye meza za wakulima. Shabaha ya soko lile ilikuwa kwamba mnunuzi akutane uso kwa uso na yule aliyelima.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya watu kutaka kulihamisha. Magari yalipoongezeka mjini, meza za barabarani zilionekana kuwa kero. Mwaka 1920 Baraza la Jiji liliamua kwamba wakulima wasiweke tena meza zao barabarani, na kampuni moja ikajitokeza na mpango wa kujenga soko jipya chini ya ardhi, karibu zaidi na katikati ya mji, katika jengo ambalo lingekuwa mali yake. Ni maneno ya Ahabu yaleyale: tutawapa lililo bora. Wakulima walipinga, wakajiunga pamoja ili wawe na sauti moja, na wafanyabiashara wa Pike Place wakasimama nao, wakipendekeza majengo yaliyokuwapo yapanuliwe. Mwezi Aprili 1921, kwa tofauti ndogo ya kura, baraza liliamua soko libaki mahali pake.

Hapa, wapendwa, tungeweza kufunga kitabu na kushangilia ushindi wa wanyonge. Lakini historia ya kweli haitupi ruhusa hiyo. Mwaka huohuo wa 1921 jimbo la Washington lilipitisha sheria iliyowakataza wahamiaji kutoka Japani kumiliki ardhi au hata kuikodi. Nao Wajapani ndio waliokuwa nguzo ya soko lile, kwani kabla ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya meza za wakulima, zaidi ya nusu, ilikuwa mikononi mwa familia zenye asili ya Japani. Waliendelea kulima kwa shida, wengine kwa kuandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao waliozaliwa Marekani.

Kisha ikaja vita. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri iliyowapa wanajeshi uwezo wa kuwaondoa watu katika maeneo ya kijeshi. Kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao wakiwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, waliondolewa katika majimbo ya pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Wale wa Seattle walikusanywa kwanza katika uwanja wa maonyesho wa mji wa Puyallup, kisha wakapelekwa katika kambi ya Minidoka, jimboni Idaho. Waliacha mashamba yakiwa na mazao. Waliacha meza zao sokoni.

Hatuna budi kumtaja hapa padre mmoja. Padre Leopold Tibesar, wa Shirika la Maryknoll, alikuwa akiwahudumia Wakatoliki wa asili ya Kijapani mjini Seattle. Aliwatetea, na walipochukuliwa aliwafuata, akaendelea kuwa mchungaji wao kule Minidoka. Shirika hilohilo ndilo lililoleta wamisionari wake Musoma mwaka 1946, na wazee wetu wengi wa Kanda ya Ziwa walibatizwa kwa mikono yao. Basi habari za Seattle haziko mbali nasi kama tunavyodhani.

Pigo lile lilikaribia kuliua soko. Mwishoni mwa miaka ya 1930 leseni za wakulima zilizidi 500. Kufikia mwaka 1949 zilikuwa zimebaki kama 50 tu. Vita haikuwa sababu pekee, maana maduka makubwa yenye majokofu nayo yalikuwa yameanza kuenea, na mashamba ya pembezoni yakageuka viwanja vya nyumba. Hata hivyo jambo moja li wazi. Mwaka 1921 watu walikuwa wamelitetea soko lisihamishwe, wakashinda. Mwaka 1942 majengo hayakuhamishwa hata tofali moja. Waliohamishwa ni watu, na kilio cha mji hakikutosha kuwazuia.

Soko lililodhoofika ni rahisi kulitamani. Mwaka 1963 ulitangazwa mpango wa kulibomoa na kujenga mahali pake hoteli, nyumba za ghorofa, majengo ya ofisi, uwanja wa michezo na maegesho ya magari. Meya na madiwani wengi waliuunga mkono, na fedha za serikali kuu zilitarajiwa. Baadaye mpango ulirekebishwa, ikaahidiwa kwamba sehemu ndogo ya soko ingebakizwa, isiyofika ekari mbili.

Mwaka 1964 wananchi waliunda chama cha marafiki wa soko. Kati ya viongozi wake alikuwa Victor Steinbrueck, mhadhiri wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Washington, aliyezunguka sokoni na kalamu yake akiwachora wauzaji, wazee na walevi waliopumzika vibarazani. Kwa miaka saba walihudhuria vikao, waliandika barua, walishindwa, wakaanza tena. Mwaka 1971 waliamua kuwaendea wananchi wenyewe, wakakusanya saini kwa maelfu, kupita idadi iliyotakiwa, ili kupata kura ya maoni. Tarehe 2 Novemba 1971 kura 76,369 zilitaka soko lihifadhiwe, na 53,264 zilikataa.

Tunaomba mtazame kwa makini kile walichokipigania. Sheria iliyopitishwa ililinda eneo la ekari saba, na haikulinda kuta peke yake, bali pia matumizi ya mahali pale: kwamba pabaki pa mkulima na pa chakula cha bei anayoiweza mtu wa kawaida. Iliundwa kamisheni ya kuliangalia eneo hilo, yenye wafanyabiashara na wakazi wa sokoni miongoni mwa wajumbe wake. Mwaka 1973 ikaundwa mamlaka ya umma ya kuliendesha soko. Leo ndani ya eneo hilo mna zahanati, shule ya watoto wadogo, kituo cha wazee, mahali pa kugawa chakula kwa wahitaji, na nyumba za watu wa kipato kidogo. Mama Kanisa anaiita njia hii kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliifafanua mwaka 1931: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda yenyewe, jumuiya kubwa isilinyakue, bali ilisaidie.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila uhamisho wa soko ni uonevu. Jijini Paris kulikuwa na soko kuu la chakula, Les Halles, lililokuwepo mahali pamoja tangu karne ya 12. Kufikia miaka ya 1960 lilikuwa limezidiwa: malori yaliziba njia usiku kucha, na hali ya usafi ilikuwa mbaya. Sababu hizo zilikuwa za kweli. Mwaka 1969 soko lilihamishiwa Rungis, kusini mwa jiji, na Rungis imekuwa mojawapo ya masoko makubwa kuliko yote duniani ya chakula kibichi. Kosa lilikuja baadaye. Mwaka 1971, mwaka uleule wa kura ya Seattle, mabanda mazuri ya chuma yalianza kubomolewa ingawa wananchi wengi walipinga, na kwa miaka kadhaa palibaki shimo kubwa katikati ya jiji.

Kando ya shimo lile lilisimama kanisa la parokia, Saint-Eustache, lililokuwa kanisa la watu wa soko kwa karne nyingi. Ndani yake upo mchongo wa msanii Raymond Mason unaoonyesha watu wa soko wakiondoka na matunda na mboga zao, usiku wa Februari 1969, kama watu walio katika maandamano ya ibada. Na tangu mwaka 1984 parokia hiyo imekuwa ikigawa supu ya moto kwa maskini nyakati za baridi, mahali palepale ambapo zamani chakula kilishushwa kwa tani. Soko liliondoka, parokia ilikataa kusahau kwamba mahali pale palikuwa pa kulisha watu.

Sasa turudi kwa akina mama wa sakristia. Kukataa kuhamishwa si dhambi, kama vile halikuwa kosa kwa Nabothi. Lakini si kila kukataa ni haki pia, maana zipo sababu za kweli: usalama wa barabara, afya, maji machafu. Tunawashauri mjiulize, na muwaulize viongozi kwa heshima, mambo matatu. Kwanza, je, wanaolima na wanaouza wameketishwa mezani kabla uamuzi haujafanyika, au wameitwa kuusikiliza tu? Pili, je, mnunuzi maskini, mwenye fedha ya fungu moja la mchicha, ataweza kufika huko kwa miguu? Tatu, huko kupya meza zitakuwa za nani, na kodi ataipanga nani baada ya mwaka wa kwanza? Yakipatikana majibu mema kwa hayo matatu, pengine kuhama ni baraka. Yasipopatikana, simameni pamoja, kwa sheria na kwa amani, na mwanze mapema, kwa sababu watu wa Seattle walihitaji miaka saba.

Nasi tunaongeza swali la nne, ambalo si la kuwauliza viongozi bali la kujiuliza wenyewe mbele ya Msalaba. Katika lango la soko la Seattle upo mchoro wa ukutani uliowekwa mwaka 1999, kazi ya msanii Aki Sogabe, unaowakumbuka wakulima wa Kijapani waliochukuliwa. Ulikuja baada ya miaka 57. Serikali ya Marekani nayo iliomba radhi mwaka 1988, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki. Je, jirani yako wa meza ya pili, yule wa kabila jingine au wa dini nyingine, au yule mjane asiyeweza kulipa ushuru leo, akiondolewa peke yake, utasema neno? Au utasogeza vitunguu vyako kidogo, uijaze nafasi yake?

Ombi letu kwa juma hili ni dogo. Yeyote atakayekwenda sokoni amsalimie kwa jina yule anayemuuzia. Na kama hajui jina lake, alijue.

Mungu awabariki nyote.