Udongo Uliofanywa kwa Mikono

Mgeni apitaye Bukoba na Muleba huona nchi ya namna mbili: vibanja vya migomba na mibuni, penye udongo mweusi, na rweya, mbuga ya majani yenye udongo dhaifu. Aweza kudhani ya kuwa wazee walichagua penye rutuba, wakaiacha rweya. Lakini mahali pengi asili ya udongo huo ni moja, mawe yale yale ya mchanga. Tena mvua ya Bukoba, ifikayo kama milimita 2,000 kwa mwaka, huiosha rutuba na kuipeleka chini. Basi tofauti ilitoka wapi?

Ilitoka katika kazi. Ng'ombe walilishwa rweya mchana, jioni wakarudi nyumbani, na samadi yao ikatiwa penye migomba. Majani ya rweya nayo yalikatwa yakatandazwa kibanjani, pamoja na maganda ya ndizi. Humo wamo watumishi wasioonekana: vijidudu vidogo mno, ambavyo katika kijiko kimoja cha udongo mzuri huweza kupita milioni 1,000. Hivyo huozesha majani na samadi, vikavigeuza kuwa chakula cha mizizi. Visipopewa chakula hupungua, na udongo huchoka.

Mwaka 1890, Emin Pasha alipoweka boma la Wadachi Bukoba, sotoka ilikuwa ikiingia nchi zetu za Afrika Mashariki. Kwa muda wa miaka michache ng'ombe wengi mno walikufa. Aliyepoteza ng'ombe alipoteza na samadi, na kibanja chake kikaanza kula akiba. Sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011, lakini upungufu wa samadi ungalipo. Maana watu wameongezeka, malisho yamepungua, na nyumba nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Tena kila mkungu na kila gunia la kahawa liendalo sokoni huchukua sehemu ya rutuba.

Rweya nayo tusiisahau. Tukikata majani yake daima na kuichoma moto, twainyang'anya chakula chake. Wazee walipokwisha kuvuna njugu mawe huko, waliliacha shamba lipumzike miaka kadhaa.

Ardhi iliyochoka yaweza kurudishwa kwa samadi, mboji, matandazo, na maharage kati ya migomba, ambayo mizizi yake hukaliwa na vijidudu vinavyovuta naitrojeni ya hewani. Lakini kazi hiyo haimaliziki kwa msimu mmoja. Tulipokea vibanja vilivyolishwa na vizazi vingi. Tukiacha kuvilisha, tutawarithisha watoto wetu rweya.