Somo la Historia: Mafundi Umeme na Daftari la Chama

Somo la leo linahusu vyama vya wafanyakazi, na hasa chama cha watu wa umeme. Mwalimu na aandike ubaoni maneno haya matatu: ada, mgomo, daftari. Tutayarudia mara nyingi.

Mkulima wa korosho wa Newala asipopendezwa na bei, aweza kuziacha korosho zake ghalani akangoja. Mfanyakazi wa kiwandani asipopatana na mwajiri wake juu ya mshahara, aweza kugoma, akiisha kufuata taratibu za sheria. Lakini fundi umeme wa Mtwara afanye nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inazitaja kazi ambazo watu wake hawaruhusiwi kugoma. Nazo ni maji na usafi, umeme, matibabu pamoja na maabara zake, zimamoto, na uongozaji wa ndege, pamoja na usafiri unaohitajiwa ili kazi hizo ziendelee. Njia moja tu imeachwa: wafanyakazi wapatane kwanza na mwajiri ni huduma zipi zitabaki wakati wa mgomo, na mapatano hayo yakubaliwe na kamati iliyowekwa na sheria.

Sababu yake haina fumbo. Umeme ukizimwa, hospitali ya Ligula nayo inaingia gizani, na mgonjwa aliye juu ya meza ya upasuaji hana ugomvi na mtu yeyote juu ya mshahara. Hata Shirika la Kazi la Kimataifa limekubali kwamba umeme ni huduma ya namna hiyo. Lakini shirika hilo limeongeza sharti, na sharti hilo lina haki: mtu aliyenyimwa mgomo lazima apewe mahali pengine pa kupeleka shauri lake, mbele ya waamuzi wasiopendelea upande.

Basi, swali letu ndilo hili. Chama kisichoweza kugoma kina nguvu gani? Ili tujibu, yafaa turudi nyuma miaka mingi.

Tuanze hapa kwetu Kusini. Wazee wanakumbuka kwamba Mikindani ndiyo iliyokuwa bandari ya zamani, na Mtwara haikuwa mji mkubwa. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ikaanza mpango wake mkubwa wa karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kwenda baharini. Kwa hiyo ikajengwa reli, na Mtwara ikachaguliwa kuwa bandari ya maji ya kina kirefu. Watu wakaja kutafuta kazi: makuli, waashi, makarani, madereva, mafundi wa mitambo. Karanga hazikustawi, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zilizoifanya ijengwe hazipo tena. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Kwa nini tunaisimulia habari ya karanga katika somo la vyama? Kwa sababu chama hukaa pale ilipo kazi. Kazi ikiondoka, wanachama hutawanyika kila mtu kijijini kwake, na daftari hubaki na majina ya watu wasiokuwapo. Kusini pameonja jambo hilo zaidi ya mara moja.

Sasa twende Dar es Salaam. Septemba 1947 makuli wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea hadi miji mingine kwa kufuata njia ya reli. Walipata nyongeza ya ujira, wakaunda chama chao. Mafanikio hayo yalivuma sana. Lakini Februari 1950 mgomo mwingine uliingia fujo, watu wakapambana na polisi, na baadaye mahakama ikakivunja chama hicho. Miaka mitatu tu! Makuli walikuwa na nguvu ya kusimamisha meli, lakini nguvu hiyo haikutosha kukilinda chama chao.

Mwaka 1955 viongozi wa vyama vidogo vidogo walikutana wakaunda shirikisho moja la Tanganyika, lililojulikana kwa herufi TFL. Tom Mboya wa Kenya alikuja mwaka huo kuwapa shauri. Katibu Mkuu wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, mtu wa kwetu Kusini, mzaliwa wa upande wa Songea, ambaye wengi walikuwa wamekwisha kumwona katika filamu kabla hawajamsikia katika siasa. Alikuwa ameongoza chama cha Waafrika watumishi wa serikali, na alijua kazi ya ofisi: barua, hesabu, kumbukumbu za mkutano. Mimi naona hilo lilisaidia kuliko hotuba.

Angalieni jinsi ada ilivyokusanywa siku zile. Mara nyingi haikukatwa katika mshahara. Mjumbe wa chama alimfuata mwanachama siku ya malipo, akapokea pesa mkono kwa mkono, akaandika katika daftari, akatoa stakabadhi. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Wengine walijificha, wengine walisema "mwezi ujao", na pesa nyingine zilipotea njiani, tusifiche. Lakini kila mwezi mjumbe alilazimika kusimama mbele ya mwanachama, na mwanachama aliweza kumwuliza, "Pesa ya mwezi uliopita imefanya nini?" Asiporidhika, hakutoa. Kufikia mwaka 1961 vyama vya Tanganyika vilikuwa na wanachama wapatao 200,000, na wengi wao walipatikana kwa njia hiyo ya jasho.

Nguvu yao ilionekana mwaka 1960. Wafanyakazi Waafrika wa reli, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa muda wa siku 82. Hebu fikirini, mtu ana mke na watoto, naye akae siku 82 bila mshahara. Hakuna anayeweza kuwafanya watu wavumilie hivyo kwa tangazo tu.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika upesi. Serikali mpya iliona kwamba nchi maskini haiwezi kuendelea ikiwa kazi zinasimama kila mara. Viongozi wa vyama waliona kwamba bwana amebadilika lakini mshahara haujabadilika. Kila upande ulikuwa na neno la kweli. Mwaka 1962 ilitungwa sheria iliyoufanya mgomo halali kuwa mgumu mno. Mwaka 1963 rais wa TFL, Victor Mkello, alipelekwa kukaa Sumbawanga, mbali na wanachama wake. Kisha Januari 1964 askari waliasi, kwanza Dar es Salaam, halafu Tabora, na hata Nachingwea. Maasi yalipozimwa, viongozi wa vyama wapatao 200 walikamatwa, na mwezi uliofuata bunge likaivunja TFL likaweka chama kimoja tu kwa nchi nzima, yaani NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais wa nchi. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, naye wakati huo huo alikuwa waziri wa kazi.

Ngojeni hapa kidogo. Mtu mmoja alikuwa waziri wa kazi na pia mkuu wa chama cha wafanyakazi. Mfanyakazi akiwa na malalamiko dhidi ya serikali, chama chake kitampeleka kwa nani?

Na ile ada ikaanza kukatwa katika mshahara kabla mtu hajaupokea. Kwa upande wa fedha lilikuwa jambo zuri: chama kilipata mapato ya hakika, kikaweza kuwa na ofisi na watumishi. Lakini yule mjumbe mwenye daftari hakuwa na sababu tena ya kumfuata mtu siku ya malipo. Pesa ilikuja, mwanachama akiridhika au asiporidhika. Mimi nahesabu kwamba hapo ndipo chama kilipoanza kuwa mbali na watu, zaidi ya hata pale Katibu Mkuu alipoteuliwa kutoka juu. Ulipotolewa Mwongozo wa TANU mwaka 1971, uliowakataza viongozi ubezi na unyanyasaji, wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma wenyewe na kuwafungia milango mameneja wao. Waliandika mashtaka yao, wakataja vifungu vya Mwongozo, wala hawakukingoja chama kiwaongoze.

Majina yaliyofuata mnaweza kuyaandika kwa haraka: JUWATA mwaka 1978, OTTU mwaka 1991, kisha vyama vya kazi mbalimbali vikaanza tena kusimama kila kimoja peke yake. Shirikisho la sasa, TUCTA, lilianza mwaka 2001.

Turudi kwenye umeme. Taa za kwanza za umeme nchini ziliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya reli. Mwaka 1931 kazi hiyo ilipewa makampuni mawili ya watu binafsi, DARESCO na TANESCO. Mwaka 1964 serikali ilianza kuyanunua, na mwishowe ikabaki TANESCO moja, mali ya umma.

Mwaka 2002 serikali iliiweka TANESCO chini ya uongozi wa kampuni ya Afrika Kusini, NetGroup Solutions. Wafanyakazi walipinga. Mameneja wapya waliingia makao makuu wakilindwa na polisi wenye silaha. Kampuni ilikaa mpaka mwaka 2006, ikaondoka mkataba ulipokwisha. Kwa hiyo upinzani haukuizuia kampuni kuingia, lakini kelele ile iliifanya nchi nzima iuangalie mkataba wenyewe na kuuliza maswali juu yake. Na mpango wa kuliuza shirika hilo haukutimia.

Miaka hiyo hiyo kwetu Mtwara gesi ilianza kutoa umeme. Gesi ya Mnazi Bay, karibu na mlango wa mto Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982, lakini ilikaa chini ya ardhi zaidi ya miaka 20 kabla ya kuletwa mjini kufua umeme. Mwaka 2015 bomba likakamilika kuipeleka mpaka Dar es Salaam, kutoka mtambo wa Madimba. Karanga zilikuja zikaenda. Gesi hii imeleta kazi ya kukaa: mafundi wa mitambo, wa nyaya, wa transfoma, wasoma mita, na vibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo.

Watu hawa wakitaka chama, wafanyeje? TUICO ndicho chama kilichojulikana sana kwa kufanya mikataba na TANESCO, na TAMICO nacho kina neno la nishati katika jina lake. Lakini kuwapo kwa chama Dar es Salaam hakutoshi kumsaidia fundi wa Mtwara. Sheria ya 2004 inahesabu vichwa. Chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu inayohusika kina haki ya kutambuliwa kuwa ndicho pekee kinachozungumza na mwajiri. Kikitoa taarifa kwa mwajiri, wakutane na kupatana ndani ya siku 30. Mwajiri akikataa, shauri huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na likishindikana huko huenda Mahakama ya Kazi. Wakifika mezani, wanaandika mkataba wa hali bora, yaani maandishi ya mishahara, saa, posho, vifaa vya kinga na mengineyo. Huko ndiko fundi anayepanda nguzo anakodai mkanda imara na glavu zisizotoboka, kabla ya ajali.

Ada bado hukatwa katika mshahara, lakini kwa sharti jipya: mfanyakazi mwenyewe ajaze fomu na kutia sahihi. Naye anaweza kuiondoa sahihi yake kwa kutoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja. Mwajiri akikata, apeleke pesa kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha.

Mmeona? Daftari limerudi, kwa sura ya fomu. Mjumbe wa tawi analazimika tena kumfuata mtu mmoja mmoja, kumweleza na kujibu maswali yake. Na kwa watu wa umeme, ambao mgomo wao umefungwa na sheria, idadi ya sahihi ndiyo inayowafikisha mezani. Jina la mtu aliyestaafu au kuhamishiwa Lindi halihesabiwi. Kibarua aliyesahauliwa kwa sababu anachimba mashimo tu hataongeza hesabu ya chama mpaka mtu amwendee na fomu. Hapa ndipo kusoma kunapokuwa na faida iliyo dhahiri, kwa maana mtu asitie sahihi karatasi asiyoifahamu, iwe ni ya mwajiri au ya chama.

Sasa kazi ya darasa. Kituo kimoja kina wafanyakazi 46. Waliotia sahihi ni 25, lakini wawili wamehamishwa, na mmoja ameandika barua ya kujitoa ambayo mwezi wake umekwisha. Je, chama kina zaidi ya nusu? Andikeni hesabu katika madaftari. Angalieni vizuri kama wale wawili waliohamishwa wangali wanahesabiwa pia katika ile 46. Kisha zungumzeni: ninyi mngekuwa wajumbe wa tawi hilo, mngemwendea nani kwanza, na mngemwambia nini?