Jamaa ya Kolwezi na Swali la Aliyetoka

Historia ya vuguvugu la Jamaa katika ukanda wa shaba wa Lualaba imeandikwa zaidi kwa kuwatazama walioingia. Waliotoka hutajwa kwa uchache, ingawa ndio wanaodhihirisha uzito wa kifungo chenyewe.

Jamaa ilianza mwaka 1953 huko Ruwe, karibu na Kolwezi. Mwanzilishi wake alikuwa Placide Tempels, padri Mfransisko aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu (1945). Wafuasi wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa Union Minière pamoja na wake zao, watu waliokaa katika kambi za kampuni, wengi wao mbali na koo zao. Walifundishana kwa Kiswahili cha Katanga juu ya uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, hatua kwa hatua. Waliowaongoza waliitwa baba na mama. Wao wenyewe walihesabiwa kuwa watoto waliozaliwa nao kiroho. Hivyo mwalimu alikuwa pia mzazi.

Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962. Katika miaka ya 1970 viongozi wa Kanisa, wakishuku mafundisho ya siri na upotovu, waliwataka wanajamaa wayakane kwa kiapo, waliokataa walitengwa. Basi aliyekana aliwapoteza wazazi wake wa kiroho, na asiyekana alilipoteza Kanisa. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyewachunguza wanajamaa katika miaka ya 1960, aliporudi Shaba mwaka 1986 aliwakuta baadhi yao katika vikundi vya sala vya Kikarismatiki. Yaelekea walichokitafuta huko hakikuwa fundisho jipya tu, bali pia watu wa kuwaita ndugu.

Jamaa ilikuwa ya Kikatoliki. Hata hivyo, makanisa ya Kiinjili na ya uamsho nayo husema juu ya kuzaliwa mara ya pili, na muumini hupewa humo ndugu wapya. Kwa hiyo, anayemshauri mtu aliyeyaacha asianze kwa kumwuliza sasa anaamini nini. Kwanza amwulize: ni nani aliyekuwa baba yako humo, na sasa unakula na nani? Imani huweza kujadiliwa baadaye. Upweke hauwezi kungoja.