Ugeuzaji wa Chombo: Istilahi Kutoka Majaruba ya Madibira

Vijana wapenda magari husema gari "limemodifaiwa". Anayetaka kuliandika jambo hilo kwa Kiswahili sanifu hukimbilia "marekebisho" au "ukarabati", na maneno yote mawili yanapotosha. Kinachorekebishwa kilikuwa na kasoro. Kinachokarabatiwa kinarudishwa kilivyokuwa. Lakini fundi wa Arusha anayeikata Land Cruiser, akairefusha chasisi na kuiwekea paa la kufunuka ili watalii wasimame kutazama simba, hakukuta kasoro wala hakurudisha chochote. Amelipatia gari kazi nyingine. Kwa tendo hilo mafundi wana neno tayari, kugeuza, nami natetea liwe istilahi: ugeuzaji wa chombo.

Ushahidi wangu mkubwa unatoka mbali na Arusha. Madibira, wilayani Mbarali, ina skimu ya mpunga ya hekta zipatazo 3,000 inayopata maji ya mto Ndembera. Kwenye barabara zake za udongo kinachotawala ni pawatila, ambayo nyaraka za serikali huiita trekta dogo la mkono. Mashine hizi zilienea zaidi nchini Tanzania baada ya Kilimo Kwanza, mkakati wa serikali wa kukuza kilimo, kuzinduliwa mwaka 2009. Kiwandani ziliundwa kwa kazi ya shamba: kulima na kuvuruga tope la majaruba, mwendeshaji akitembea nyuma. Injini ni ya dizeli, ya silinda moja, inawashwa kwa hendeli, na nguvu yake hupita kwenye mikanda hadi gia boksi na magurudumu mawili.

Kilimo kikiisha, rota ya kulimia inafunguliwa. Magurudumu ya chuma ya kukanyagia tope yanavuliwa, ya mpira yanafungwa, na tela linaunganishwa kwa pini. Tela lenyewe mara nyingi ni kazi ya fundi wa kuchomelea: fremu ya vyuma, ekseli iliyotolewa kwenye gari lililokufa, sakafu ya mbao, kiti cha dereva mbele. Yule aliyekuwa akitembea sasa amekaa. Magunia ya mpunga yanatoka shambani hadi mashineni, na jioni wenye mpunga wanapanda juu yake kurudi nyumbani. Mimi nauheshimu sana ubunifu huu, kwani umewatua watu wengi mizigo kichwani.

Hapo maneno matatu ya gereji yanajitenga. Kufunga ni kuweka kifaa kilichokuja tayari, kama rimu pana, taa au redio. Kuunda ni kutengeneza ambacho hakikuwepo. Ndivyo wasemavyo wanaounda mabodi ya mabasi, na kabla yao mafundi wa pwani waliounda majahazi. (Neno chombo nalo lilitumika baharini hukohuko kabla ya kupanda barabarani kama "chombo cha moto".) Kugeuza ni kubadili kazi na tabia ya chombo kizima. Unaweza kufunga vitu kumi bila kugeuza. Tela la Madibira limeundwa, lakini pawatila inayolivuta imegeuzwa, na tabia yake mpya ina hatari ambayo neno "marekebisho" linaificha.

Pawatila haina usukani. Ukitaka kukata kushoto unabana klachi ya kushoto: gurudumu la upande huo linakosa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, chombo kinakwenda kushoto. Mteremkoni mambo yanapinduka. Tela lililojaa magunia ndilo linalosukuma, na injini ndiyo inayozuia. Bana klachi ya kushoto hapo, gurudumu la kushoto linaachiwa likimbie huku la kulia likiwa limeshikwa na injini, na chombo kinakwenda kulia. Hata mteremko mfupi wa kutoka kwenye daraja la mfereji unatosha kumtupa dereva ambaye mkono wake umezoea jaruba. Aliyebuni pawatila hakukosea, maana shambani hakuna mzigo unaoisukuma kutoka nyuma. Hatari hiyo imezaliwa na ugeuzaji, na anayeuita marekebisho hataitafuta.

Sweden walipita njia hii kwa upande wa pili. Miaka ya Vita Kuu ya Pili, matrekta yalipokuwa adimu, wakulima waligeuza magari makuukuu kuwa matrekta. Watu wakayaita EPA, jina la maduka ya bei nafuu. Sheria ikayatambua kama kundi la peke yake, na hadi leo warithi wake, wenye kikomo cha kilomita 30 kwa saa, huendeshwa na vijana wa miaka 15 wenye leseni inayohusika. Gari lililogeuzwa lilipewa jina lake, kisha masharti yake.

Wapo watakaosema kugeuza ni kuzungusha gari lielekee lilikotoka. Ni kweli, barabarani. Ndiyo sababu nasisitiza istilahi kamili, ugeuzaji wa chombo, ambayo haiwezi kuchanganywa na dereva anayegeuza njiani. Ubadilishaji haufai: gereji imeshaupa kazi ya oili, tairi na spea, ambapo kibovu kinatoka na kizima kinaingia mahali palepale.

Kwa hiyo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na waandishi wa miongozo ya usalama barabarani walichukue neno hili kutoka kwa waliolizoea. Nawe mwenye pawatila, kabla mavuno hayajaanza, mwambie fundi aliyekuundia tela alifungie breki ya mguu inayoshika magurudumu yote mawili, aweke na viakisi mwanga nyuma. Dereva mpya umfundishe mteremko kwanza, tela likiwa tupu.