Juhudi ya Kusikiliza Penye Kelele na Namna Vihisi vya Kuvaliwa Vinavyoipima

Mtu anayezungumza na mwenzake ndani ya daladala, kiwandani au katika darasa lenye wanafunzi wengi anaweza kuyasikia maneno yote na bado akamaliza mazungumzo akiwa amechoka. Uchovu huo hauonekani katika vipimo vya kawaida vya masikio, kwa kuwa vipimo hivyo hufanyika katika chumba tulivu na hutaka kujua tu iwapo mlio umesikika. Kipimo cha desibeli nacho hueleza ukubwa wa sauti iliyopo, si mzigo anaoubeba anayesikiliza.

Wataalamu huuita mzigo huo juhudi ya kusikiliza. Maelezo yanayotumiwa sana yalichapishwa mwaka 2016 na watafiti wa nchi mbalimbali waliokuwa wamekutana katika kituo cha utafiti cha Eriksholm nchini Denmark. Kwa mujibu wa watafiti hao, juhudi ya kusikiliza ni nguvu za akili ambazo mtu huzielekeza kwa makusudi ili kushinda vikwazo vinavyomzuia kutimiza lengo lake la kusikiliza. Neno makusudi lina uzito hapa: juhudi haitegemei kelele pekee, bali pia iwapo msikilizaji anaona kuna faida ya kuendelea kusikiliza.

Suala hili linawagusa watu wengi. Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021, inakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma za utengamao. Kwa watu hao sauti hufika ubongoni ikiwa pungufu, na ubongo hulazimika kujaza mapengo kwa kukisia. Shimesikio hukuza sauti ya msemaji, lakini mara nyingi hukuza na kelele inayomzunguka. Ndiyo sababu mtu aliyeonekana kupata nafuu kliniki hurudi baada ya wiki chache akilalamika. Kwa muda mrefu mtaalamu hakuwa na njia nyepesi ya kuupima uchovu huo zaidi ya kumuuliza mwenyewe.

Njia ya kimwili iliyochunguzwa sana ni mboni ya jicho. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionesha kuwa mboni hupanuka kadiri mtu anavyobeba tarakimu nyingi akilini. Mwaka 2010 Adriana Zekveld na wenzake wa Amsterdam, Uholanzi, walitumia njia hiyo kwa watu waliosikiliza sentensi penye kelele, wakaona mboni ikipanuka zaidi pale sentensi zilipokuwa ngumu kueleweka. Siku hizi miwani yenye kamera ndogo huweza kufanya kazi hiyo. Tatizo ni mwanga. Upanukaji unaotokana na juhudi kwa kawaida hauzidi nusu milimita, ilhali mwanga pekee huweza kuibadili mboni kutoka takriban milimita 2 hadi 8. Kipimo kinachoaminika maabara kinaweza kupotoka kabisa mtu anapotoka juani na kuingia kivulini.

Vihisi vingine huvaliwa mkononi au kidoleni. Baadhi hupima jinsi ngozi inavyopitisha umeme, jambo linalobadilika tezi za jasho zinapochochewa na neva zisizoongozwa kwa hiari; vingine humulika ngozi na kufuatilia muda kati ya pigo moja la moyo na jingine. Ni vifaa rahisi kuvaa, ila joto la Dar es Salaam au kupanda ngazi pia hutoa jasho na kuharakisha moyo. Vipo pia vihisi vinavyowekwa ndani au nyuma ya sikio ili kunasa umeme wa ubongo, hususan mawimbi ya alfa. Hapa tafiti hazikubaliani: katika baadhi mawimbi hayo huongezeka kazi inapokuwa ngumu, katika nyingine hupungua.

Utafiti wa Sara Alhanbali na wenzake wa Manchester, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha vipimo kadhaa kwa watu walewale na kubaini kuwa uhusiano kati yake ni dhaifu. Kwa hiyo mnunuzi anayeahidiwa saa inayotoa alama moja ya juhudi ana haki ya kuuliza alama hiyo imetokana na kipimo kipi.

Liko jambo zito zaidi. Kelele inapoongezeka, mboni hupanuka hadi kufikia hali ambayo takriban nusu ya maneno yanaeleweka. Ikizidi hapo, upanukaji hupungua. Si kwamba kazi imekuwa nyepesi, bali msikilizaji amekata tamaa. Kipimo cha chini basi kina maana mbili zinazopingana, na mwanafunzi wa dawati la nyuma aliyeacha kufuatilia somo anaweza kusomeka sawa na yule anayesikia bila taabu. Kihisi kisichoambatana na jaribio la kuelewa, japo la kurudia sentensi, kinaweza kumnyima msaada anayeuhitaji kuliko wote.

Nchini Tanzania kelele husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na viwango vyake hutajwa kwa desibeli. Hata hivyo, mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja hufikia takriban desibeli 60. Kelele ya kiwango hichohicho haiharibu sikio, lakini inatosha kumfanya msikilizaji ahangaike kutwa nzima.

Mwajiri au shule itakayotaka kuwavalisha watu vihisi hivi itakuwa inakusanya taarifa za afya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, huzihesabu taarifa hizo kuwa nyeti na kwa kawaida hutaka ridhaa ya maandishi ya mhusika kabla ya kuzichakata. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwananchi anayechoshwa na mazungumzo penye kelele hana haja ya kusubiri vifaa hivi. Anashauriwa kupimwa usikivu na kumweleza mtaalamu ni mahali gani na saa ngapi uchovu humjia. Kusogea karibu na msemaji nako husaidia: mahali pa wazi, umbali ukipungua kwa nusu, sauti yake huongezeka kwa takriban desibeli 6.